Spi za moteri ya zamani ya bwato: kujua gani imekufa, nini imeiua, na namna ya kubadilisha

Hii ni kwa wandugu wenye wako na moteri za zamani za bwato, zile za kuchanganya mafuta na esanse (petroli), Yamaha Enduro za 25 na 40, Johnson na Evinrude za wazee, Suzuki, zenye bado zinatembea kwa ziwa Kivu, Goma–Idjwi, Minova, Kalehe mpaka Bukavu na zinabeba watu na makala na ndizi kila siku. Mara mingi mutu anafikaka kwa fundi na neno moja: "Fundi, spi imekufa, weka ingine." Kuweka ingine si kazi kubwa. Lakini spi ni mupira wa kuzunguka akse, wa kuzuia mafuta isitoke na maji isiingie, wenye mudomo mwembamba na ka-resori kadogo nyuma ya ule mudomo, haifi bule, kuko kitu kimeiua, na kama hautafuti hicho kitu ile mpya itakufa fasi ile ile, kisha utasema pyesi ni mubaya, ao fundi ni mubaya, wakati akse (ile fimbo ya chuma yenye kuzunguka) ndani iko na kijia chenye kukata mupira kila siku. Kwa hiyo tuende polepole, dalili moja moja.

Spi ziko wapi

Watu wengi wanafikiri iko moja tu. Nyuma ya elisi (yale mapanga yenye kusukuma bwato), ndani ya ile kofia yenye kushika akse ya elisi, mara mingi kuko mbili zenye kufuatana. Juu ya muguu (sehemu ya chini ya moteri, yenye kuingia kwa maji), chini kabisa ya pompe ya maji, kuko zingine zenye kushika akse ndefu, ile yenye kushusha nguvu kutoka kwa moteri. Kuko ka-mupira kadogo kwa fimbo ya vitesi. Kuko jwenti ya mviringo kuzunguka ile kofia yenyewe. Kuko rondeli ndogo za visi mbili za mafuta, na hizi wanazisahauka sana wakati njo za bei ya chini kuliko zote. Alafu kwa kichwa cha moteri (sehemu ya juu, yenye kuwaka), vilbrekeni (akse yenye kuzungushwa na pistoni) iko na spi juu, chini ya volani (ile gurudumu nzito ya juu), na ingine chini pale akse ndefu inaingilia. Hizi za kichwa ziko na tabia yao tofauti kabisa, nitazifikia kiisha za muguu.

Mafuta ya muguu imegeuka rangi

Hii njo dalili yenye kusema kweli kuliko zote. Usiangalie mafuta wakati moteri imetoka tu kutembea, juu kila kitu kimechanganyika na utaona rangi tu. Acha moteri isimame wima usiku muzima, asubui weka kikopo chini, fungua visi ya chini polepole sana, nusu tu, bila kugusa ile ya juu. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo usiku inashuka chini. Kama kitu cha kwanza kutoka ni matone ya maji safi na mafuta nyeusi inafuata nyuma, maji ni kidogo ao imeingia juzi juzi. Kama yote inatoka nyeupe-nyeupe sawa kahawa ya maziwa, maji imekaa mule, pinyo (magurudumu ya meno) zimeipiga pamoja na mafuta, na rulema (gololi) zimeanza kula kutu. Hapo usiseme "niache kwanza nimalize hii wiki ya soko." Mafuta yenye maji haichungi tena pinyo, na pinyo ya moteri ya zamani kuipata hapa kwetu ni mateso, unaagiza mbali na unangoya bwato likiwa limelala.

Kisha chukua hayo mafuta kidogo kati ya vidole viwili, sugua, angalia kwa jua. Ikiwa ni laini na vumbi ya kijivu kidogo tu kwa sumaku ya visi (kuko visi zenye sumaku), hiyo ni kawaida ya umri. Ikiwa kuko vipande vya kung'aa vyenye unasikia kwa kidole, pinyo ao rulema inakulika, na spi haitakusaidia kitu mpaka uifungue uangalie ndani. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua lakini haina maji, ni mafuta yenye imezeeka, ao mutu aliweka mafuta ya moteri ya gari badala ya mafuta ya bwati (sanduku la pinyo) namba 90. Pinyo za mule zinateleza moja juu ya ingine na zinakandamizana sana, zinahitaji mafuta yenye ilitengenezwa kwa hiyo kazi, na kama haipo zinatoa vumbi ya chuma, na hiyo vumbi inaenda moja kwa moja kula mudomo wa spi. Umeona, chanzo namba moja tayari, na hakina hata senti moja ya pyesi.

Maji inaingiaka wakati gani?

Watu wanashangaa: "Moteri ilitembea siku muzima muzuri, namna gani maji iko ndani?" Wakati inatembea, muguu unapata moto, mafuta na hewa ndani inapanuka, inasukuma kuelekea inje. Magaribi unafika Kituku, kwa pwani ya Goma, unazimisha, unaacha muguu ndani ya maji ya baridi. Ndani inapoa, inajikaza, inavuta. Kama mudomo wa spi umechoka kidogo, ni hapo njo maji inaingia, usiku, bwato limefungwa na kila mutu amelala. Kwa hiyo hata na spi mpya, kila magaribi nyanyua moteri muguu utoke kwa maji. Moteri zenye kunyanyuliwa kila siku na zenye kuachwa ndani ya maji naziona zote mbili kwa meza, na tofauti ya spi zake inaonekana kwa macho.

Mafuta juu ya maji nyuma ya bwato

Ile rangi ya upinde wa mvua yenye kuzunguka elisi inawatisha watu mingi, na mara mingi si kitu. Moteri ya kuchanganya mafuta inatosha moshi kupitia katikati ya elisi, na mule mafuta isiyoungua inatoka pia. Kuipima: nyanyua moteri, pangusa elisi na nyuma yake yote na kitambaa mpaka ikauke, weka kartoni chini, acha mpaka asubui. Tone nyeusi, nyepesi, yenye kunuka moshi, hiyo ni ya kichwa, achana nayo. Tone nzito yenye kunyumbuka, yenye harufu kali ya kiberiti, hiyo ni mafuta ya bwati na spi ya elisi inavuja. Usibadilishe spi kabla ya kufanya hiyo, ni usiku moja tu.

Pima na hewa, njo utajua gani

Maji ndani ya mafuta haikuambii imepitia wapi. Iko na milango kama tano, na kuvunja yote kwa kubahatisha ni kuharibu visi za zamani bule. Kwa hiyo tosha mafuta yote, funga visi ya chini na rondeli yake, kwa tundu ya juu weka ka-tiyo kenye kuingia na visi yake, upande ingine pompe ya kinga (baisikeli) na manometri ndogo ya kupima hewa. Sukuma hewa polepole mpaka bar 0.7, haipite bar 1. Watu wanaonaka manometri haipandi haraka wanasukuma kwa nguvu, na hewa mingi inapindua mudomo wa spi yenye ilikuwa nzima, sasa umejitengenezea shida ya pili.

Kiisha kusukuma, chunga. Kama sindano imesimama dakika kumi, zungusha akse ya elisi na mukono, vuta, sukuma, ingiza vitesi na utoshe, juu kuko spi zenye zinashika wakati akse imesimama na zinaachilia wakati inazunguka. Kama sindano inashuka, ingiza muguu wote ndani ya pipa ya maji na uangalie fasi povu inatokea. Nyuma ya elisi, karibu na akse: spi ya elisi. Nyuma ya elisi lakini kwa pembe ya kofia: jwenti ya mviringo. Kwa visi: rondeli, na unamaliza kazi kwa pesa ya kununua maji. Juu, kuzunguka akse ndefu: spi za chini ya pompe. Kwa fimbo ya vitesi: ule mupira mdogo, na huu njo unasumbuaka mafundi juu wanabadilisha zote kubwa na maji inaendelea kuingia.

Hii kazi ya hewa ningeomba kila fundi wa ziwa aifanye kabla ya kufungua na kiisha kufunga, mara zote mbili. Bwato lenye moteri imekufa katikati ya Goma na Idjwi na upepo wa mangaribi umeanza, ndani mama na watoto, si fasi ya kujua kama spi ilikaa vizuri.

Nini imeiua

Tosha gupiye (kapini kenye kufunga nati), nati, elisi, na rondeli nzito ya nyuma yake. Kwa ziwa letu kitu cha kwanza utaona ni uzi. Uzi wa nyavu ya sambaza, uzi wa nailo wa ndoano, vipande vya sheti na vya musikitere (chandarua). Elisi inaukusanya, inauzungusha nyuma kabisa, pale kwa mudomo wa spi, unakazana, unapata moto, unayeyuka, unakuwa pete ngumu ya plastiki yenye kukata mupira. Kuko moteri moja ya Idjwi yenye ilikuwa na uzi mwingi mpaka kofia yote imefunikwa, kuutosha ni na wembe, tabaka kwa tabaka, na chini kabisa spi ya inje haina tena mudomo, imebaki chuma tu. Mwenyewe alikuwa amebadilisha spi mbele ya hapo, kwa fasi ingine, na hawakusafisha vizuri. Kwa hiyo kwa watu wa ziwa: tosha elisi mara kwa mara uangalie nyuma, hata kama hakuna shida, na unapopita juu ya nyavu ukasikia moteri imebadilisha sauti, usingoye hata kesho.

Cha pili ni akse kupindika. Pwani ya Goma ni mawe ya volkano, mengine ni ya 2002 pale lava ya Nyiragongo ilishuka mpaka ndani ya ziwa, na elisi inagongaka pale kila siku. Shika kalamu imara karibu na ncha ya akse, zungusha akse polepole, angalia nafasi kati ya kalamu na chuma. Ikifunguka na kufunga, akse imepindika. Spi inaweza kufuata akse yenye kuyumba kidogo sana, ikipita hapo inachoka haraka hata kama ni ya orijini.

Cha tatu, rulema. Shika akse ya elisi, itikise juu-chini. Ukisikia mchezo, ule wa "tak tak" kwa mukono, rulema imekwisha, na spi mpya juu ya rulema yenye imekwisha ni pesa ya kutupa ziwani. Badilisha rulema kwanza.

Cha nne njo chenye watu hawaangalii: kijia kwa akse. Mudomo wa spi unasugua fasi moja myaka na myaka, na mchanga mwembamba unaingia katikati, na chuma inakulika pole pole. Pangusa akse, pitisha ukucha kwa urefu wake. Ukucha ukipita bila kusimama, piga papye-vere (msasa) nyembamba ya 1000 kwa kuzunguka, usifanye kwa urefu hata siku moja juu mikwaruzo ya urefu inakuwa njia ya maji. Ukucha ukisimama kwa kijia, papye-vere haitakusaidia. Hapo una njia tatu. Akse mpya, kama unaipata na unaiweza. Bushi nyembamba ya inox (chuma isiyokula kutu) yenye kuvalishwa juu ya kijia, iko kwa size mbalimbali na ni dawa nzuri sana lakini hapa inabidi kuagiza. Ao, kama nafasi ya kofia inaruhusu, usukume spi mpya ndani zaidi ao inje zaidi milimeta moja ao mbili ili mudomo ukae juu ya chuma safi. Hii ya tatu wazee wanaifanyaka tangu zamani na inashika, lakini hakikisha spi haizibi tundu ya mafuta na haigusi rulema. Kujaza kijia na kole ya chuma, hapana, hiyo inashika mpaka Bulengo tu, hapa karibu na Goma.

Na kuko kifo cha uzee. Moteri imelala myaka kwa depo, mupira umekauka, umekuwa ngumu, ukiukunja unapasuka. Hii moteri hata kama mafuta ni safi siku ya kwanza, badilisha spi zote kabla ya kuipeleka kwa maji.

Kununua

Spi iko na namba zilizoandikwa kwa uso wake: ndani, inje, unene, kwa milimeta. 25 40 7 maana yake akse ya 25, tundu ya 40, unene wa 7. Kama imefutika, pima akse yenyewe na tundu yenyewe na kaliper, usipime ile spi ya zamani juu imeshapanuka. Ukizunguka Birere, kule Goma, kwa wenye kuuza pyesi za pikipiki na gari utapata size nyingi zenye kuingia, na si vibaya, size ni size, lakini geuza uangalie vitu viwili. Resori: za gari na pikipiki mara mingi ni chuma ya kawaida na itakula kutu, na maji ya Kivu iko na chumvi-chumvi kidogo ya ardhi ya volkano, si kama ya bahari lakini inatosha kula resori. Tafuta ya inox kwa ile ya kuangalia maji. Kama huna namna, iweke yenye resori ya kawaida kwa upande wa mafuta na ile nzuri kwa upande wa maji. Cha pili, mudomo: uunyooshe na kidole, urudi haraka. Ukirudi polepole ao ukiwa na mistari, hata kama iko ndani ya sashe mpya, imezeekea kwa duka.

Ya rangi nyeusi ya kawaida inatosha kwa muguu. Ile ya kahawia yenye kuvumilia moto zaidi, weka akiba yake kwa kichwa cha moteri.

Kufungua na kuweka

Kofia ya akse ya elisi kwa moteri za kati inashikwaka na visi mbili, na kwa moteri ya zamani hizo visi zimeshikana na aliminiu. Usilazimishe. Mafuta ya kupenya usiku muzima, moto kidogo kuzunguka (mafuta na esanse zikiwa mbali), gonga kichwa cha visi kidogo na marto, jaribu kukaza nywele moja kabla ya kulegeza. Visi ikikatika mule, siku yako imekwisha. Kofia yenyewe tosha na ekstrakteri (chombo cha kuvutia) ya miguu miwili, usiingize turnavisi kwa pembe.

Kabla ya kutosha spi ya zamani, PIGA FOTO. Mudomo unaangalia wapi, ya kwanza na ya pili, na iko ndani kiasi gani. Upande wenye resori njo unaangaliaka kitu chenye inapashwa kuzuia, lakini kuko moteri zenye spi mbili zimepeana mugongo, moja inazuia mafuta na ingine maji, na kuko zenye zote mbili zinaangalia inje. Usiweke kwa kukumbuka ya moteri ingine. Na ukikuta fundi wa mbele aliweka vibaya, fuata kitabu cha hiyo moteri kama kinapatikana, usifuate kosa lake.

Kwa kutosha, toboa ka-tundu kadogo kwa uso wa chuma wa spi, ingiza visi ya bati, vuta. Usikwaruze tundu yenye inakaa, juu mukwaruzo pale unavuja kupitia inje ya spi na utatafuta mpaka uchoke. Safisha tundu mpaka ing'ae, tosha ile unga nyeupe ya aliminiu.

Kuweka: grese ya kuvumilia maji, jaza kati ya midomo, usiweke spi kavu hata mara moja, mudomo mkavu unaungua dakika za kwanza. Kwa inje yake, kama ni ya chuma, tabaka nyembamba sana ya silikoni. Tafuta duye (soketi ya kufungulia nati) ao kipande cha tiyo chenye upana karibu sawa na spi, sukuma sawasawa, bila kugonga upande moja. Ikiinama hata kidogo, itoshe, uanze tena. Akse iko na meno na pembe kali, kwa hiyo kata kipande cha chupa ya plastiki ya maji, kizungushe juu ya meno, pakaa grese, pitisha spi juu yake, kisha uvute plastiki. Ni kazi ya dakika moja, na spi mingi mpya zinakatwaka pale pale wakati wa kuweka, mwenyewe hajui, anarudi kiisha siku chache na mafuta nyeupe.

Spi za akse ndefu ziko chini ya pompe ya maji, kwa hiyo lazima ufungue pompe. Kama uko pale, weka na mupira wa pompe mpya, usirudishe wa zamani. Wakati unashusha kofia ya pompe, zungusha akse upande wa saa, ukiangalia toka juu, ili mabawa ya mupira yalale upande wenye moteri inazungukia. Meno ya akse ndefu pakaa grese kwa pembeni, lakini usiweke kwa ncha ya juu kabisa, grese pale inakosa fasi ya kwenda na inazuia muguu kukaa. Tiyo ya maji iingie fasi yake, na vitesi iwe kwa neutro kwa muguu na kwa kichwa pia.

Pima tena na hewa. Kisha jaza mafuta kutokea tundu ya chini mpaka inatoka ya juu bila povu, funga ya juu kwanza, kisha tosha pompe na ufunge ya chini haraka. Ukijaza kutokea juu, hewa inabaki ndani na utadanganyika imejaa. Kiisha safari ya kwanza, acha usiku, angalia tone la kwanza asubui.

Sasa za kichwa

Hizi hazina rangi ya mafuta ya kukuonyesha, zinajionyesha kwa tabia. Ralanti (mwendo wa polepole bila gazi) haikai, inapanda peke yake, kuwasha asubui ni kuvuta kamba mpaka bega iume, inakufa ukirudisha gazi chini karibu na pwani. Katika hizi moteri esanse inapita kwanza ndani ya karteri, chini ya pistoni, na karteri inavuta na kusukuma. Spi ya vilbrekeni ikiachilia, inavuta hewa ya bule, mchanganyiko unakuwa mwembamba. Na kumbuka mafuta iko ndani ya esanse: esanse ikipungua, mafuta pia inapungua, wakati moto unazidi. Njo maana moteri ya hivi haiishii kwa kusumbua tu, inakamatana, pistoni inayeyuka.

Lakini dalili hizi vitu vingi vinazifanya, kwa hiyo anza na vya bule. Wakati moteri inataka kufa, mutu mwingine afinye pwari (ule mupira wa kusukuma esanse kwa tiyo). Ikirudi kuwa muzima, shida ni esanse haifiki, tiyo ao jwenti za pwari ao pompe ya esanse, si spi. Kisha nyunyiza maji ya sabuni kidogo kuzunguka fasi karbu (yenye kuchanganya esanse na hewa) inashikana na moteri, ukiona povu inavutwa ao ralanti inabadilika, ni jwenti ya karbu. Kisha vuta starteri (ile ya kuzidisha esanse wakati wa kuwasha, si kamba) nusu kwenye ralanti. Moteri ikikaa vizuri zaidi, inakosa esanse ao inapata hewa mingi, na kama karbu ni safi, sasa spi inakuwa mshitakiwa. Watu wengine wanapigaka esanse kuzunguka volani ili wasikie, usifanye, pale kuko umeme na moto.

Hapa kwetu kuko jambo moja la kuzingatia. Ziwa liko mita 1460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na moteri yenye jikleri (vitundu vya karbu vyenye kupima esanse) za kiwanda, zilizopimwa kwa bahari, inakunywa esanse kidogo zaidi ya kiasi. Kwa hiyo spi yenye imeanza kuvuta hewa inaweza kujificha kwa muda, hata mwenyewe anafurahi kwamba moteri imekuwa nyepesi. Ukisikia moteri ya zamani imekuwa nzuri ghafula bila mutu kuigusa, tosha bujii (plagi) uangalie.

Bujii njo zinakuonyesha ni spi gani. Kwa moteri ya silinda mbili, kila silinda iko na chumba chake cha karteri, spi ya juu inasumbua silinda ya juu, ya chini inasumbua ya chini. Bujii zote kahawia: sawa. Ya juu nyeupe na ya chini kahawia: tazama chini ya volani, mara mingi utakuta mafuta imelowesha bobini na waya. Ya chini nyeupe, ao imeoshwa safi na maji, ao na kutu: spi ya chini, yenye iko karibu na maji na moshi, na pale rulema pia inakuwa hatarini. Zote mbili nyeupe, rudi kwa karbu na tiyo, ni nadra spi zote mbili zife siku moja.

Ya juu ni kazi ya kawaida: tosha volani na ekstrakteri yake, si na marto, marto inaharibu sumaku na vilbrekeni, chunga klaveti ndogo (kachuma kenye kushika volani kwa vilbrekeni) isipotee, badilisha spi kwa adabu ile ile ya mwanzo. Kwa moteri zingine lazima ufungue karteri, kwa zingine inatoka kutokea juu.

Ya chini mara mingi inadai kunyanyua kichwa chote. Hii usiifanye pwani, tafuta meza, watu wawili, jwenti mpya ya chini ya kichwa iwe tayari mkononi kabla haujalegeza visi ya kwanza. Na kama umefika pale, weka spi zote mbili mpya, ya juu na ya chini, hata kama moja ilikuwa nzima, juu kazi kubwa ni kufika pale. Pitisha ukucha kwa vilbrekeni, tikisa uone mchezo. Mchezo ukiwapo, hiyo ni kazi ya rulema za vilbrekeni, mwambie mwenye moteri bei yote kabla ya kurudisha, usimuwekee spi peke yake umuache aende.

Kiisha kuwasha kwa pipa, weka bujii mpya mbili, nenda na bwato tupu saa moja karibu na pwani, nusu ya gazi, mchanganyiko wenye kitabu cha moteri kinasema, kwa Enduro nyingi ni litre moja ya mafuta kwa litres 50 za esanse, Johnson za zamani sana zinaomba mafuta mara mbili ya hiyo. Zimisha ukiwa unatembea, usiache irudi ralanti kwanza, tosha bujii zote mbili, uziweke moja kando ya ingine. Zikiwa na rangi moja, rudisha abiria. Ya chini ikibaki nyeupe, bwato libaki pwani na kichwa kinyanyuke tena.